Kipa Wangu Yuko Uingereza

Shemeji yangu anayeishi Leicester alipokuja likizo aliniachia Steam Deck yake ya zamani. Ni kompyuta ya gemu ya kushika mkononi: kioo cha inchi 7, uzito gramu 669. "Shemeji, hii utacheza popote," akaniambia. Popote! Neno hilo hunijia kila ninaposimama jikoni kwangu Sinza, mgongo kwenye friji, maana hapo ndipo mtandao unaposhika.

Tatizo lilianza na nafasi. Yangu ni ile ya bei ya chini iliyotoka 2022, ina GB 64 tu, na gemu kubwa za siku hizi zinavuka GB 100. Mpwa wangu wa miaka 12 akanionea huruma. "Anko, usipakue. Cheza kwa wingu." Yaani gemu linakaa kwenye seva huko mbali, wewe unaletewa picha tu. Shemeji akanifungulia akaunti kwenye huduma moja ya kulipia kila mwezi. Seva ziko Uingereza.

Mechi ya kwanza tukapigiwa penalti. Nikabonyeza kushoto. Mpira ukaingia, wapinzani wakashangilia, mmoja akateleza kwa magoti kuelekea kibendera cha kona. Ndipo kipa wangu akaruka kushoto, kwa madaha, kama mtu aliyeletewa habari za msiba kwa barua.

Nikamtukana weee, kisha nikapiga hesabu. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa njia ya ndege, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 75, tena waya ungekuwa umenyooka kama rula. Haujanyooka. Unazunguka baharini kama daladala inayotafuta abiria. Maskini kipa, lawama zile hazikuwa zake.

Nikahamia gemu la kilimo, maana mahindi hayana haraka. Hapo nilistawi. Nikavuna, nikanunua trekta, nikafuga ng'ombe wanne. Kilichonishinda ni bando. Picha ikija kwa megabiti 10 kwa sekunde, saa moja inakula GB 4.5, na rauta yetu ni ya familia nzima. Siku moja niko katikati ya palizi, sauti ikatoka sebuleni:

"Baba watoto, bibi harusi ameganda mlangoni. Umefanya nini?"

Nilikuwa nimelima GB 10.

Nikajiunga tena, kwa siri. Nafungua, shamba halipo. Mkataba wa gemu lile na ile huduma ulikuwa umekwisha, likaondolewa na kila kitu changu, ng'ombe wakiwemo. Mpwa akaniuliza kama sikuona tangazo. Niliona. Nilidhani wanauza kitu.

Jioni ile akanishika mkono, tukaenda kibanda cha gemu cha mtaani. Mia tano mechi moja, PlayStation kuukuu, padi imefungwa raba bendi, na foleni ya watoto wanaoniamkia huku wakicheka. Tukapigiwa penalti. Nikabonyeza, na kipa akaruka papo hapo, bila kuchelewa hata kidogo.

Akaruka kulia. Mpira ukaenda kushoto.