Kocha Asiyefukuzwa Kazi

Makocha wana vyeti, wachezaji wana mikataba, watangazaji wana maikrofoni. Shabiki mjuaji wa Kariakoo hana hata kimoja, na bado wote hao anawapita kwa elimu. Ni haki asifiwe, kwa kuwa hadi leo kazi hiyo ameachiwa aifanye mwenyewe.

Tuanze na makocha, anaowapenda kuliko wote, maana bila wao angemfukuza nani? Novemba 5, 2023 Yanga iliichapa Simba 5-1, na siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, hakuwa na kazi, ingawa msimu ule alikuwa hajapoteza mchezo mwingine wa ligi. Wenye haraka ya kuhukumu walisema uongozi umekurupuka. Mjuaji alisema umechelewa. Yeye alishamtimua zamani, sema barua haikufika. Miguel Gamondi, kocha wa Yanga mwenye zile tano, akaitwa profesa na akatwaa ubingwa. Novemba 2024 akafungwa na Azam, kisha na Tabora United, naye akaonyeshwa mlango. Hapo mjuaji akatukumbusha kwamba hata zile tano hazikumridhisha: zilipaswa kuwa saba.

Msidhani anabahatisha. Nendeni kijiweni mkamwone akifundisha. Hupanga vikombe vya kahawa juu ya benchi: vinne nyuma, vitatu katikati, vitatu mbele. Chenye ufa ni beki wa kushoto, ambaye tatizo lake hata mtoto analiona. Kipa ni kipande cha kashata, na kwa kawaida huliwa kabla ya mapumziko. Muuza kahawa akidai vikombe vyake kwa sababu wateja wanangoja, huambiwa avumilie, bado dakika za nyongeza.

Kwa wachezaji waliokula chumvi, huruma yake haina mfano. Mkongwe akipoteza pasi moja, “amekwisha, akalee wajukuu.” Akifunga wiki inayofuata, “ng'ombe hazeeki maini, si niliwaambia?” Juma Kaseja aliporudishwa Taifa Stars mwaka 2019, mjuaji alikuwa amekwisha kumstaafisha mara kadhaa, bila mafao. Burundi ilipotolewa kwa penalti Kaseja akiwa langoni, hakuna aliyeshangilia kwa sauti kumzidi. Humtaja pia Roger Milla, aliyeifunga Urusi katika Kombe la Dunia la 1994 akiwa na miaka 42, na kwa pumzi hiyohiyo humtaka nahodha wa miaka 33 awaachie vijana. Maneno hayo huyasema akiwa ameshika kiuno, katikati ya ngazi za Uwanja wa Benjamin Mkapa, akisubiri moyo utulie.

Watangazaji nao wamshukuru. Anayechangamka, anapayuka. Anayetulia, anatangaza msiba. Anayetoa takwimu, nani kamuuliza? Hakuna, anasema, wa kumfikia marehemu Charles Hilary enzi za Radio Tanzania. Na kweli Hilary alikuwa gwiji. Ila kwa kanuni za mjuaji, mtangazaji huanza kuwa mzuri pale anapoondoka hewani.

Hata hivyo redio haiachi, na sababu anaijua yeye. Kwenye banda umiza picha ya king'amuzi huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio. Basi huketi nyuma, kidude cha kusikilizia kimefichwa chini ya kofia, na kona inapopigwa hutamka taratibu, “Hii inaingia.” Nayo inaingia. Vijana humwangalia kwa heshima wanayowanyima wazazi wao.

Kocha akikosea hufungasha mabegi. Mkongwe akikosea huzomewa na uwanja wenye viti 60,000. Mtangazaji akikosea jina la mfungaji hutaniwa mwezi mzima. Mjuaji akikosea huagiza kahawa nyingine, nayo huandikwa kwenye daftari la madeni.

Wapo wenye husuda wanaosema apewe timu tuone. Huo ni uonevu. Mtu aliyefundisha klabu zote mbili na timu ya taifa kwa miaka yote hii bila kufungwa hata mchezo mmoja, kwa nini aichafue rekodi yake kwa kwenda uwanjani?