Sifa za Tundu la Bati

Wengine husifu wafalme, wengine husifu ng'ombe wao. Mimi nimepanga nyumba Butembo kwa miaka mingi, na sijaona aliye mwaminifu kuliko tundu la bati. Komisioneri, yule dalali wa nyumba, aliniahidi maji, yakawa ya jirani. Mwenye nyumba aliniahidi rangi mpya, nikapaka mwenyewe. Tundu halikuniahidi kitu, lakini halikukosa kazi hata siku moja. Wingu likifunga tu upande wa Lubero, lenyewe lilikuwa tayari juu ya kitanda changu.

Msilidharau, lina ukoo. Baba yake ni bati jembamba lililovuka mpaka wa Kasindi juu ya lori, pamoja na saruji na vitenge. Mama yake ni msumari uliopigwa haraka na fundi aliyelipwa nusu. Zamani, chini ya nyasi, halikujulikana. Paa likichoka, lilivuja kwa wote. Bati ndilo lililoleta tundu, na tundu likajichagulia makao: vile vyumba vya nyuma, vya kupangisha. Kwenye nyumba ya mbele, anapolala mwenye parsele, sijawahi kuliona.

Tena ni la huruma. Mji wetu ni wa vilima, na watoto hupanda na bidoni la lita 20 mgongoni hadi magoti yatetemeke. Tundu liliniletea maji hadi chumbani, bila foleni wala fakture. Niliweka beseni, baadaye sufuria, baadaye ndoo. Kufikia msimu wa pili wa mvua nilikuwa nimeazima vyombo vya kartiye nzima, na majirani wote nawajua kwa majina.

Lakini sifa yake kubwa ni ualimu. Siku ya kwanza nilikwenda kubisha nyumba ya mbele.

"Papa, nyumba inavuja."

Akatazama juu kwa unyenyekevu. "Mama, mvua ni ya Mungu."

Nikarudi, nikasogeza kitanda ukutani. Usiku tone likanifuata huko huko, likanigonga paji la uso na kuniuliza: mvua ni ya Mungu, sawa, na bati ni la nani?

Nikaanza kuulizia, nikakuta jibu lina umri mkubwa kuliko Butembo yenyewe. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano inamtaka mwenye nyumba aitoe ikiwa nzima, aitengeneze inapoharibika, na amwache mpangaji akae kwa amani. Mpangaji naye alipe kodi kwa wakati na aitunze nyumba kama baba mwema wa jamaa. Sheria hiyo ni ya enzi za Leopold wa Pili, mfalme aliyeivuna Kongo bila kuikanyaga hata siku moja. Mvua yetu hakuijua, lakini sheria yake ilijua paa ni mzigo wa nani. Papa wangu amezaliwa hapa hapa, na hajajua bado.

Tundu halikunipendelea mimi pia. Kioo alichovunja mwanangu kwa mpira, kitasa nilichong'oa kwa hasira, mfereji nilioziba kwa maganda ya ndizi: hayo ni juu yangu. Kinacholiwa na miaka ni cha mwenye nyumba. Kinachovunjwa na mkono wangu ni changu. Mawakili hutoza pesa kwa somo hilo. Tundu lilinipa bure, tone kwa tone.

Somo la mwisho lilikuwa la garanti, ile amana ya kuingilia nyumba. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Nilikuwa nimetoa sita, kwa dola, bila risiti, na nikashukuru kwa mikono miwili. Siku ya kuhama papa akaniambia garanti yote imeliwa na plafoni iliyooza. Nani aliiozesha? Tundu. Tundu lilikuwapo kabla yangu? Hapo tukanyamaza wote, kwa sababu hatukupita chumba kwa chumba siku ya kuingia kuandika hali ya nyumba, kama sheria inavyotaka. Shahidi wangu pekee alikuwa juu pale, wazi, na hakuna aliyemwita aseme.

Nasikia huko Beni tundu limepanda cheo. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, watu wa riposti, waliokuja kupambana na ugonjwa, walitafuta nyumba. Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025, serikali ya jimbo ikahamia Beni, na wakubwa nao wakahitaji pa kulala. Mahali kama hapo tundu halizibwi, linapandishiwa bei. Na chini ya mabati hayo hayo zimejibana familia zilizokimbia mauaji ya vijijini tangu 2014, mbili tatu katika chumba kimoja, mikeka ikisogezwa usiku kucha kufuata pakavu. Hapo sifa zangu zinakwama kooni. Aliyekimbia panga hana nguvu ya kumuuliza mtu bati ni la nani.

Basi wewe mwenye nguvu hiyo, itumie. Ukitafuta nyumba, usiende kuitazama siku ya jua. Nenda mvua ikinyesha, usimame katikati ya chumba, utazame juu. Ukiliona tundu, lisalimie, kisha liandike kwenye karatasi: liko wapi, ni kubwa kiasi gani, atakayeliziba ni nani, kabla ya tarehe ngapi. Mtie saini wote wawili, wewe na mwenye nyumba. Garanti itoke mfukoni baada ya hapo.