Kuhusu Mbwa Mzee wa Kuruwitu na Matabibu Wake

Muwasho sugu wa mbwa, yaani hali ya ngozi kuwasha kwa wiki nyingi bila kutulia, si ugonjwa mmoja bali ni dalili inayotumiwa kwa zamu na maradhi mengi: viroboto, kupe, utitiri unaochimba ngozi na kuleta upele, fangasi wanaostawi kwenye mikunjo yenye unyevu, na mzio, ambao ni hasira ya kinga ya mwili dhidi ya kitu kisichostahili hasira hiyo. Katika kijiji cha Kuruwitu, pwani ya Kilifi, ambako joto na unyevu wa bahari havina likizo, maradhi hayo hupata makazi mema, na mbwa anapozeeka, kinga ikapungua na tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili ikalegea, hupata pia mlango ulio wazi. Dalili ikishajitokeza, matabibu nao hujitokeza, kwa maana hakuna mtu kijijini aliyewahi kuulizwa dawa ya mbwa akakosa jibu.

Kundi la kwanza la matabibu hao huamini bahari. Mbwa huburutwa hadi ufukweni na kutiwa majini kwa hoja kwamba chumvi huua kila kitu, ingawa chumvi inayokaukia kwenye manyoya bila kusuuzwa huikausha ngozi na kuzidisha muwasho. Kisha mgonjwa, akiachiwa, hujigaragaza katika mwani uliooza ambao kusi huurundika pwani, akaenda kujikung'uta karibu kabisa na mzee aliyevaa kanzu ya kwendea msikitini, ambaye kwa madhehebu ya Shafi hana budi kuiosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kundi la pili huamini mwarobaini, ambao majani yake yaliyochemshwa kweli hufukuza baadhi ya wadudu, lakini mbwa hulamba kila anachopakwa, na uchungu wake humtoa povu mdomoni kiasi cha kuwafanya majirani watangaze kichaa cha mbwa kabla ya adhuhuri. Kundi la tatu, ambalo ndilo la kuogopwa, huazima dawa ya josho, yaani ile ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, na kuipima kwa kifuniko cha chupa. Dawa yenye amitrazi, kwa mfano, ikizidi kipimo humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo wake, kwa hiyo mbwa huacha kujikuna na tabibu akapongezwa, hali mgonjwa ametulia kwa sababu hawezi kusimama.

Kosa la makundi yote matatu limo katika methali isemayo kwamba mtu hujikuna ajipatapo: hutibiwa mbwa kwa kuwa ndiye aliye karibu, ilhali viroboto waliokomaa mwilini mwake ni sehemu ndogo tu ya ukoo wao. Jike huweza kutaga mayai 40 kwa siku, na mayai hayo, kwa kuwa hayanati, hudondoka kwenye gunia la mkonge analolalia mbwa katika kibanda cha mlinzi. Humo huanguliwa mabuu wanaokula kinyesi cha wazazi wao chenye damu iliyokauka, kisha hujifungia katika vifukofuko ambamo wanaweza kungoja kwa miezi. Kuruwitu inasifika kwa eneo tengefu la bahari, takriban hekta 30, ambalo wanakijiji walilifunga kwa uvuvi mwaka 2005 ili samaki wazaliane bila bughudha na hatimaye wafurike nje ya mipaka, na mwaka 2017 chama chao kikapewa Tuzo ya Ikweta ya Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa. Gunia la mlinzi ni eneo tengefu la namna hiyohiyo, ila halina tuzo. Kinachoamsha vifukofuko ni joto, mtikisiko na pumzi ya kiumbe, ndiyo maana nyumba ya likizo iliyofungwa tangu Agosti huonekana safi hadi familia kutoka Nairobi inapofungua mlango mwezi wa Desemba, na kabla mizigo haijashushwa kila mtu anajikuna vifundo vya miguu.

Mwenye mbwa anayeapa kwamba hajaona kiroboto hata mmoja huenda anasema kweli, kwa sababu mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto akiumwa mara chache tu huwashwa kwa siku kadhaa. Uthibitisho hupatikana kwa kitana chembamba: punje nyeusi za karibu na mkia zikiwekwa juu ya pamba nyevu zikatoa rangi ya kutu, hizo si mchanga bali ni damu ya mbwa iliyopita tumboni mwa kiroboto. Zisipoonekana, daktari wa mifugo hukwangua ngozi na kutafuta utitiri kwa darubini. Akiandika vidonge vya steroidi, ambavyo hutuliza uvimbe na muwasho, hueleza pia kwamba huongeza kiu na njaa. Hivyo mbwa aliyekuwa mstaarabu miaka yote huanza kunyemelea samaki wa kupaka, huku kidonge kilichofichwa ndani ya ugali kikiokotwa sakafuni, kisafi na kikavu, ugali ukiwa umeliwa.

Tiba inayofaa, basi, huenda pande tatu kwa wakati mmoja: mbwa hupewa dawa ya viroboto kwa kadiri ya uzito wake na kwa miezi mfululizo, kibanda hufagiwa hadi nyufani, na gunia huchomwa moto. Pande mbili za kwanza hazina upinzani. Ya tatu hushindikana, kwa kuwa mlinzi hulitupa gunia jalalani badala ya kulichoma, na mbwa yuleyule ambaye kwa ushahidi wa wote hawezi tena kupinda kiuno hulifuata usiku, akaliburuta hadi kibandani, akalilalia.