Stempu na Memori Kadi

Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kudai stempu ya kodi kwenye kila CD na DVD ya muziki au filamu. Hongera zao! Stempu zilifika CD ikiwa inafunga virago.

Ingia leo kibanda cha kurushia nyimbo, Mkongo ya Rufiji au kwingineko. Fundi anachomeka memori kadi ya mteja, anaijaza Bongo Fleva, anapokea chake. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haipati hata salamu. Msanii? Atatumiwa salamu za pongezi.

Picha za harusi zilizokuwa kwenye kadi nazo huhamia kwa fundi, bila shaka kwa ajili ya Nyaraka za Taifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, lakini kibandani nayo haipati salamu.

Ndugu mteja, hamisha picha zako kwanza.