Yah: Kurudisha Uozo wa Dirisha Langu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Matengenezo ya Nyumba za Watumishi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yenu inayonitaka, ndani ya siku 14, nirejeshe dirisha la sebule yangu “katika hali yake ya awali”, kwa kuwa nimelitengeneza bila kibali. Hongereni kwa kasi. Ombi langu la kutengenezewa lilikaa mezani kwenu masika mawili. Barua ya kunikanya imefika siku ya nne baada ya fundi kuondoka. Kumbe tarishi mnaye.

Naomba nikiri makosa yangu kwa mpangilio.

Blaindi ndiyo iliyoanza. Ilianguka usiku, skrubu zake zikiwa bado zimeng'ang'ania unga wa mbao. Kosa la kwanza, niliichokonoa fremu kwa bisibisi; chuma kilizama mpaka kwenye mpini. Mbao haikuwepo, palikuwa na rangi. Krimu juu ya nyeupe, nyeupe juu ya bluu: kumbukumbu ya kila mgeni rasmi aliyewahi kupita mtaani kwetu. Maji ya mvua yaliingilia ufa wa kona, rangi ikayazuia kutoka, na mchwa wakaja kama walioalikwa kwa kadi.

Kosa la pili, nilimwita seremala jirani. Bwana huyu hajui taratibu za ofisi: badala ya kopo la rangi, alikuja na patasi. Alikata mpaka akakuta mbao nzima, kisha akaongeza vidole viwili, maana, alisema, ugonjwa wa mbao haukomei unapoonekana. Akachonga kipande cha mninga, akakiunga kwa mshazari, kwa gundi na skrubu. Chini ya kizingiti akachimba mfereji mwembamba, tone la mvua lidondoke huko huko nje badala ya kutambaa kurudi ukutani. Ndipo akaigeukia blaindi: akaweka pima maji, akatoboa matundu membamba kuliko skrubu, akaifunga kwenye mbao yenye uhai. Kazi nzima ilichukua Jumamosi moja, chai ikiwemo.

Agizo lenu niko tayari kulitii, ila nina maswali ya kitaalamu. Mchwa wanatolewa ghala gani, na kwa hati ipi? Uozo wa masika mawili nitaukamilishaje kwa siku 14? Au naruhusiwa kuongezewa muda, ule ule mliojiongezea ninyi? Rangi haina shida. Najua mnayo.

Ndani ya bahasha nimeambatanisha kipande cha fremu ya zamani. Ni mali ya ofisi, sikuthubutu kukitupa. Mkifungue juu ya gazeti, kinamwagika.

Mtaa huu una madirisha mengi yanayong'aa kama langu lilivyokuwa liking'aa. Kabla mgeni rasmi mwingine hajaja, tumeni mtu mmoja mwenye bisibisi, ayachokonoe kwanza. Kopo la rangi lifuate baadaye.

Wenu mtiifu,
Mpangaji mwenye dirisha zima

Nakala: Mchwa wa dirisha la jikoni – kwa taarifa na utekelezaji.