Mgeni na Mashine ya Kuoshea Vyombo

Umemtembelea mdogo wako Minneapolis, umekula, umeshiba, na adabu uliyofunzwa inakuinua ukaoshe vyombo. Keti. Kama huwezi kuketi, usiiguse mashine kabla hujajua ni ya nani. Utaambiwa ni ya wote. Si kweli. Nyumba yenye mashine hiyo huwa na mtu mmoja ambaye, wenzake wakishapanga vyombo, hufungua mlango kimyakimya akapanga upya. Hapa ni shemeji, na anatabasamu.

Ukiikuta imejaa sufuria kavu, mifuniko na makopo matupu ya aiskrimu, hiyo ni kabati. Mwongozo umeishia hapo, tafuta sponji.

Kama inafanya kazi, ujue kwamba vyombo havitumbukizwi majini. Chini kuna mkono wenye matundu unaozunguka ukirusha maji ya moto kwenda juu, na mashine nyingi zina mwingine chini ya kichanja cha juu. Yasikofika maji hakutakati. Josephine Cochran wa Illinois, aliyepata hataza ya mashine yake mwaka 1886 na kuionyesha Chicago mwaka 1893, alipima sahani zake akazitengenezea vibanio vya waya, kila moja na mahali pake. Husimuliwa kwamba alikuwa amechoshwa na watumishi waliozimegua sahani zake za kaure. Kwa hiyo mashine hiyo yake ilibuniwa na mwenye nyumba asiyemwamini mtu mwingine na vyombo vyake. Shemeji anadumisha mila tu.

Sahani zikae chini, wima, zimetazama katikati, zisigusane. Vikombe juu, kifudifudi. Ukiacha kimoja chali, kitakungojea kimejaa maji ya sabuni yenye vipande vya maharage. Plastiki nayo juu, maana mashine nyingi za Marekani zina chuma cha kupasha joto sakafuni, na kopo laini hutoka limepinda mdomo.

Sinia ya pilau ndiyo mtego mkubwa. Ukiilaza, maji yote yanaishia mgongoni mwake na glasi za juu zinatoka na rangi ya mdomo zilizoingia nayo. Ukiisimamisha vibaya, inauzuia mkono: utasikia ko, ko, ko, na nyumba nzima itajua ni wewe. Kabla ya kufunga, uzungushe mkono huo kwa kidole. Au ioshe sinia kwenye sinki, mambo yaishe.

Vijiko usivilaze mgongo kwa tumbo, vitafichana uchafu. Kuhusu uma, wapo wanaoelekeza meno juu yaoshwe vizuri, na wapo wanaoyaelekeza chini wasichomwe. Mjadala huu usiuanzishe mezani. Visu ncha chini, ila kile kikali cha jikoni kisiingie kabisa.

Zawadi ulizobeba kutoka nyumbani nazo zibaki nje. Mwiko utapasuka. Sufuria ya alumini itatoka na weusi na haitang'ara tena, kwani sabuni ya mashine ni kali na mara nyingi ina magadi. Na sabuni yenyewe iwe ile ya mashine: ukimimina ya maji ya kuoshea kwa mkono, povu litakufuata hadi sebuleni.

Usisuuze kila kitu kwanza, hata kama roho inakuuma. Kwangua mabaki, inatosha; sabuni nyingi za siku hizi zina vimeng'enya vya kumeng'enya wanga na protini, na mashine nyingine hupima uchafu wa maji. Ukiipa sahani safi, itaosha kijuujuu. Ukoko wa ugali pekee uloweke.

Ikimaliza, pakua kichanja cha chini kwanza, kwa sababu vitako vya vikombe vya juu vimebeba maji yatakayomwagikia sahani kavu. Shemeji akiuliza ni nani aliyesimamisha visu ncha juu, mdogo wako yupo hapo, ameshazoea.