Anayerudisha Ndiye Mshtakiwa

Afisini kwetu hakuna wezi. Nasema hivyo mapema ili mkuu wa usalama asije akaniita. Tuna waazimaji tu, na mwazimaji wa afisi za Nairobi anaweza kukaa na kitu cha watu hadi akirithishe wanawe, huku akiapa kwamba atakirudisha kesho.

Chukua projekta. Tunayo moja, na afisi ni mbili: makao makuu hapa katikati ya jiji, karibu na Kenyatta Avenue, na tawi la Westlands. Mwaka wa 2022 ilifunguliwa ile barabara ya juu kwa juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, watu wakaanza kujigamba kwamba wanatoka uwanja wa ndege na kufika Westlands kabla chai haijapoa. Projekta yetu haijapata habari hizo. Ikishavuka Museum Hill kuelekea tawini, ihesabie msimu mzima. Ukipiga simu Westlands unaambiwa ilishatumwa. Ametumwa nani? Dereva. Dereva naye anasema imo kwenye buti la gari la mkubwa fulani, na mkubwa yuko Naivasha kwenye warsha. Warsha ya nini? Ya utunzaji wa mali ya kampuni.

Na ikirudi, hairudi nzima. Betri za rimoti yake zinaendesha saa ya ukutani kule idara ya fedha. Adapta yake haijulikani iliko, ingawa kila mtu anakumbuka kumwona mwenzake akiwa nayo.

Stoo kuna daftari jeusi. Kalamu yake ilifungwa kwa uzi ili isiibwe. Siku hizi umebaki uzi. Safu ya "tarehe ya kuchukua" imeshona watu kama matatu ya 105 ya Kikuyu saa kumi na mbili jioni. Safu ya "tarehe ya kurudisha" ni nyeupe pee, isipokuwa mahali pamoja ambapo mtu ameandika "ninayo bado", na mwingine chini yake, "hata mimi".

Wakubwa wanasema huo ni uzembe. Mimi nasema watu wana akili timamu. Hebu wewe jaribu kurudisha kitu.

Juzi nilipeleka stoo waya wa ekstensheni. Mama wa stoo akavaa miwani, akauchomeka ukutani.

"Mbona taa haiwaki?"

"Madam, haikuwa ikiwaka hata uliponipa."

"Na ulikubalije kuchukua kitu kibovu?"

Akaugeuza. Tundu la tatu lina doa jeusi. "Hapa ulichemshia maji na birika." Birika sina, lakini nilikabidhiwa fomu ya kasoro niijaze, niipeleke kwa mkuu wa idara aitie sahihi. Nikiwa hapo nimeinama naandika maelezo kama mtu aliye kituoni Central, akaingia jamaa wa mauzo ambaye amefungia ekstensheni nyingine kwenye droo yake tangu kabla ya korona. Akapokewa kwa "karibu bosi", akapewa karatasi za printa, akaenda zake. Yeye hana kosa. Hajarudisha kitu, basi hakuna cha kukaguliwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwetu matanga huandaliwa na stoo yenyewe.

Kuna pia kipakatalishi cha akiba, kile unachopewa chako kikiwa kwa fundi. Hakina herufi A. Kwa Kiingereza labda ungejikongoja. Kwa Kiswahili, ukiandika "kulalamika" inatoka "kullmik". Na gofu hilo ndilo linalolindwa kuliko vyote: kila jioni bawabu anafungua begi langu, anasoma nambari ya mashine tarakimu kwa tarakimu na kuilinganisha na kitabu chake, huku projekta ikipita kwenye buti la mkubwa na saluti ikipigwa.

Ndiyo maana wenye busara hushuka Luthuli. Barabara hiyo imepewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 1960, na kweli amani ya afisi yetu inauzwa huko. Unabishana bei, unanunua waya wako, unaandika jina lako kwa wino usiofutika. Kampuni nayo inatabasamu, maana mfuko uliotoboka ni wako.

Sasa imeundwa kamati, na kamati imependekeza fomu ya kuazima iwe na nakala tatu. Itafanya watu waogope stoo zaidi. Dawa ni rahisi: kifaa kikitoka, kipigwe picha kwa simu mbele ya anayetoa na anayepokea, doa na yote. Kiwe na nambari. Mkubwa naye aandike jina daftarini kama sisi. Na anayerudisha aambiwe asante kwanza, miwani ivaliwe baadaye.

Kwa sasa, wewe mwenye adapta ya projekta, tafadhali ilete. Ukiogopa maswali, iache mezani pangu usiku. Mimi fomu ya kasoro nimeshajua kuijaza.